Kabla Hujang'oa Boksi la Filta

Ukinunua Subaru Impreza WRX ya kati ya 2000 na 2007, iwe uko Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, haipiti wiki kabla rafiki hajakushauri ung'oe lile boksi jeusi la plastiki lililobeba filta ya hewa, na mahali pake ufunge filta ya koni. Ushauri hutolewa kwa nia njema, na una ukweli ndani yake. Siku hiyohiyo gari litabadilika sauti. Turbo uliyokuwa huisikii itaanza kupiga mluzi ukikanyaga mafuta, na ukiachia itashusha pumzi. Masikio yakishapata kitu kipya, mwili mzima huamini kwamba gari limekuwa jepesi. Wengi huishia hapo, fedha zimekwenda na hawajui hasa wamenunua nini.

Sauti na nguvu ni vitu viwili. Dukani huuzwa ndani ya kasha moja, lakini kwenye injini hutoka sehemu tofauti, na mwenye pupa huweza kuongeza cha kwanza huku akipunguza cha pili. Anayetaka sauti hana kosa. Gari la michezo lisilosikika hupoteza nusu ya raha yake, na nitaeleza namna ya kuipata sauti hiyo kwa gharama ndogo. Ninachoomba ni kwamba kila kimoja ukitafute mahali kinapopatikana.

Tuanze na hewa yenyewe. Injini ya lita 2 ya mipigo minne huvuta ujazo wake wote wa hewa kila inapozunguka mara mbili. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika bila turbo, humeza hadi lita 6,000 za hewa katika dakika hiyo, yaani lita 100 kila sekunde. Turbo ikishindilia hewa kwa shinikizo linalokaribia mara mbili ya lile la nje, kiasi hicho nacho hukaribia mara mbili. Petroli haisumbui sana, kwa kuwa pampu na nozeli zinaweza kuongezwa. Lakini kila kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote, kwa hiyo kinachoamua injini itoe nguvu kiasi gani ni hewa iliyofika ndani ya silinda.

Waandishi wa sheria za mbio za magari wanalijua hili vizuri. Katika ubingwa wa dunia wa mbio za rali wa 1995, kila gari la turbo lililazimishwa kuvuta hewa kupitia pete yenye kipenyo cha milimita 34, ili nguvu za timu zote zisipishane mno. Mwaka huo huko Catalunya, Hispania, wakaguzi wa FIA waligundua kwamba pete ya Toyota Celica GT-Four ilikuwa imeundwa isogee milimita chache pindi mpira wake unapokazwa, ikaacha upenyo wa pembeni ambako hewa ilipita bila kubanwa. Mpira ukifunguliwa kwa ukaguzi, springi zilirudisha kila kitu mahali pake. Toyota ilinyang'anywa pointi zake zote za msimu na kufungiwa hadi mwisho wa 1996, na ubingwa wa mwaka ule ukachukuliwa na Colin McRae akiendesha Impreza. Kampuni kubwa namna ile iliweka jina lake rehani kwa ajili ya upenyo mdogo wa hewa.

Lakini pete ile ilikuwa kabali halisi shingoni mwa injini. Je, boksi la filta la gari lako nalo ni kabali? Swali hili halijibiwi kwa kubishana kijiweni. Linapimika, tena kwa maji.

Tafuta ule mpira mwangavu ambao mafundi wa ujenzi huutumia kupimia usawa wa msingi. Uukunje uwe umbo la U lenye mikono ya mita moja kila upande, uufunge kwenye ubao wenye alama za sentimita, kisha utie maji hadi nusu ya kila mkono. Ncha moja iache wazi ndani ya gari. Ncha nyingine iunganishe kwa kiungo cha T kwenye mpira mwembamba unaorudisha hewa ya solenoidi ya turbo kwenye bomba kubwa lililo kati ya filta na turbo. Mtafute mtu wa kukaa kando yako asome ubao wakati wewe unaendesha, na mwende mahali pa wazi pasipo na watu wala magari. Gia ya tatu, kanyaga mafuta hadi mwisho mpaka karibu na kikomo cha mizunguko, kisha uachie. Maji yatapanda upande wa injini na kushuka upande wa kwenu. Tofauti ya urefu kati ya pande mbili ndiyo kodi ambayo boksi, filta na mabomba vinaitoza hewa.

Hesabu yake ni nyepesi. Shinikizo la hewa usawa wa bahari linalingana na uzito wa safu ya maji ya zaidi kidogo ya mita 10. Kwa hiyo kila sentimita 10 za tofauti ni kama asilimia moja ya hewa. Ukisoma sentimita 20, hata ukiondoa kila kitu injini ikavuta hewa bila kizuizi chochote, ulichoweza kudai ni asilimia mbili. Kwenye WRX ya Japani ya kizazi hicho, iliyotoka kiwandani na nguvu farasi 250, hizo ni farasi tano. Tena turbo hubana faida hiyo zaidi, kwa sababu kompyuta ya gari huiagiza ifikie shinikizo fulani, na ikikuta kizuizi kidogo mbele yake huongeza mzunguko na kulifikia lengo lilelile. Unachopata ukiondoa kizuizi ni turbo kuamka mapema kidogo na kufanya kazi kwa raha. Hilo si dogo, ila si lile lililoandikwa kwenye kasha.

Rudia kipimo ukiwa na filta mpya ya kawaida kabla ya kununua kingine chochote. Filta iliyojaa vumbi la msimu mzima inaweza kuwa ndiyo iliyokula sehemu kubwa ya sentimita zako, na dawa yake ni kuibadilisha tu. Kisha kagua ule mpira mkubwa unaopita chini ya manifoldi kwenda kwenye turbo. Magari haya sasa yana miaka mingi, mpira huo hukauka na kupasuka upande wa chini usioonekana, na hapo injini huvuta hewa ambayo haikupita kwenye filta wala kwenye sensa ya kupima hewa. Gari la namna hiyo likifungwa filta ya koni ya bei kubwa litabaki na ugonjwa uleule.

Sasa njoo kwenye joto, ambalo kwangu ndilo jambo zito kuliko yote katika habari hii. Hewa ikipata moto hutanuka, na lita moja ya hewa ya moto ina oksijeni pungufu kuliko lita moja ya hewa ya baridi. Kwa kipimo, hewa ya nyuzi 60 za Selsiasi ni nyepesi kwa takriban asilimia tisa kuliko ya nyuzi 30. Linganisha na zile sentimita 20 za maji zilizokuwa na thamani ya asilimia mbili. Filta ya koni iliyokaa wazi chini ya boneti huvuta hewa iliyokwisha kuchemshwa na rejeta na injini yenyewe. Boksi la kiwandani, pamoja na ubaya wake wa sura, huvuta hewa ya nje kwa mdomo wake na kuikinga dhidi ya joto hilo. Mtu hulitupa ili aokoe asilimia moja au mbili ya kizuizi, akapoteza mara nne yake kwa joto.

Kwenye turbo hasara hiyo huongezeka. Hewa inaposhindiliwa hupata joto, na kadiri ilivyoingia ikiwa moto ndivyo inavyopandishwa zaidi. Kwa turbo ya kawaida inayoshindilia mara mbili, nyuzi 30 za ziada mlangoni hutoka zikiwa karibu nyuzi 40 za ziada kabla ya kufika kwenye intakula, yaani rejeta ya kupoza hewa hiyo, nayo intakula ya Impreza imekaa juu ya injini, ikitegemea upepo wa lile tundu la boneti. Ukiwa kwenye foleni hakuna upepo. Hewa ya moto ndani ya silinda huifanya petroli ilipuke kabla ya wakati, injini ikaanza kugonga, na kompyuta ikasikia kupitia sensa yake ikarudisha nyuma cheche za plagi ili kuokoa pistoni. Hapo nguvu hupungua mara ya pili. Kumbuka pia kwamba magari mengi tuliyo nayo yalitengenezwa kwa soko la Japani, ambako petroli ya daraja la juu hukaribia okteni 100. Petroli tunayojaza kwenye vituo vyetu ina okteni ya chini ya hapo. Gari limeshapunguziwa nafasi ya usalama kabla hujagusa kitu, na hewa ya moto huimaliza.

Aliye Nairobi ana hesabu moja ya ziada. Jiji liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa kiasi cha moja ya sita kuliko ya Mombasa. Gari lisilo na turbo hupoteza nguvu kwa kiwango hicho na hakuna filta itakayoirudisha. Lenye turbo hujitetea kwa kuizungusha turbo kwa kasi zaidi, ndiyo maana magari haya yanapendwa nyanda za juu. Lakini turbo iliyokwisha kufika karibu na mwisho wa uwezo wake haina akiba ya kuvumilia joto ulilojiongezea mwenyewe.

Joto nalo hupimwa. Kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari, kile kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu, huonyesha joto la hewa inayoingia, kwa kuwa kwenye Impreza za kizazi hiki sensa yake iko palepale kwenye kipimo cha hewa baada ya filta. Andika joto la nje, kisha andika la ndani ukiwa barabara wazi kwa mwendo wa wastani, na tena baada ya dakika kumi za foleni. Fanya hivyo na boksi la kiwandani kwanza. Ukibadilisha, rudia njia ileile, saa ileile ya mchana. Kama namba za foleni zimepanda sana na huchukua muda mrefu kushuka ukishaanza kwenda, mfumo wako mpya unavuta hewa ya jikoni. Mfumo mzuri huja na kuta zilizofungwa pande zote, zenye mfuniko unaogusa boneti kwa mpira laini, na mdomo unaofika mbele kwenye hewa ya nje. Kipande kimoja cha bati kilichosimamishwa upande mmoja wa koni hakizuii joto linalozunguka na kuingia kutoka juu.

Baada ya joto, kipimo. Karibu na filta kuna sensa yenye waya mwembamba unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita huupoza, na kompyuta husoma umeme unaohitajika kuurudishia joto lake, ikabadilisha namba hiyo kuwa gramu za hewa kwa sekunde, kisha ikapima petroli. Yote haya yametegemea jambo moja, nalo ni kwamba waya huo umekaa ndani ya bomba la kipenyo kinachojulikana. Badilisha kipenyo, umeidanganya kompyuta. Chukua bomba la milimita 65, uliweke la milimita 76. Eneo limeongezeka kwa zaidi ya theluthi moja, hewa ileile inapita polepole zaidi, na sensa inaripoti pungufu kwa robo nzima na ushee. Kompyuta nayo inapunguza petroli kwa kiasi hicho.

Ukiwa unaendesha taratibu hutaona kitu, kwa sababu sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inagundua upungufu na kompyuta inarekebisha. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho, sensa hiyo haifuatwi tena. Kompyuta hufuata jedwali lake, na sehemu ya upungufu ambayo haikuwahi kujifunza inabaki. Mchanganyiko unakuwa mkavu wakati ambapo injini inahitaji petroli ya ziada ya kuipoza. Injini za EJ za Subaru, hasa zile za lita 2.5, zinajulikana kwa pistoni zinazovunjika kingo zilizobeba ringi. Mchanganyiko mkavu pamoja na kugonga ndiyo njia fupi ya kufika huko. Huenda wenye injini zilizoharibika hivyo walisikia gari lina nguvu zaidi siku za mwanzo, maana mchanganyiko uliokauka kidogo huweza kweli kuongeza nguvu kabla haujaharibu.

Kwa hiyo, ukinunua mfumo mpya, chukua rula na upime kipenyo cha ndani pale sensa inapokaa, ulinganishe na cha kiwandani. Angalia kama boksi la zamani lilikuwa na wavu wa kunyoosha hewa kabla ya sensa na bomba jipya halina. Kama vipimo vinatofautiana, mfumo huo haufungwi bila kurekebisha programu ya kompyuta, na muuzaji anayekuambia kompyuta itajizoesha yenyewe anazungumzia mwendo wa kwenda kanisani au msikitini. Kile kifaa chako cha kusomea kitakuonyesha pia asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza petroli kwa muda mrefu. Kama iko kati ya hasi tano na chanya tano, lala usingizi. Ikivuka chanya kumi, kuna hewa inayoingia bila kupimwa au kipimo kinadanganya, na taa ya injini yenye msimbo P0171 haiko mbali. Kwa Subaru kuna programu ya bure iitwayo RomRaider ambayo hurekodi namba hizi zote pamoja na masahihisho ya kugonga wakati gari linakwenda. Fundi anayeifahamu, na anayetaka kuona rekodi kabla hajafungua boneti, mshike.

Filta za pamba zinazopakwa mafuta zina shida yake hapa. Ukizidisha mafuta baada ya kuziosha, matone huvutwa hadi kwenye ule waya na kuupaka utando, na sensa huanza kusoma vibaya. Paka kidogo, iache filta usiku kucha, futa kilichozidi. Sensa iliyochafuka husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, na waya hauguswi kwa kidole wala kitambaa.

Na wale wanaopenda mlio wa turbo kupumua ukiachia mafuta, wajue hili. Valvu ya kiwandani hurudisha hewa hiyo ndani ya bomba, baada ya sensa. Ukifunga ile inayoimwaga nje, hewa iliyokwisha kupimwa na kuandaliwa petroli inapotea. Kila unapobadilisha gia injini hupata petroli nyingi kuliko hewa, plagi hupata masizi na gari hukohoa. Kwenye gari linalopima hewa kwa waya, valvu ya kumwaga nje mimi siishauri kabisa.

Vumbi la kwetu linastahili heshima kuliko linavyopewa. Ndani ya vumbi jekundu la barabara zetu za changarawe mna chembe za mchanga ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikipenya filta hukaa kati ya ringi na ukuta wa silinda na kusaga, na kabla ya kufika huko hupiga mapanga ya aluminiamu ya turbo yanayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Gari haliharibiki siku moja. Huanza kula oili, kisha nguvu hupungua, na mwenyewe hulaumu aliyemuuzia. Safari Rally imewafundisha hili watengenezaji wakubwa. Impreza zilizoshinda Kenya, ile ya McRae mwaka 1997 na ya Richard Burns mwaka 2000, zilikuwa zimetayarishwa mahususi kwa Safari, na magari ya enzi hizo yalipandisha bomba la kuvutia hewa hadi usawa wa paa, juu ya maji ya mito na juu ya wingu la vumbi. Mbio hizo zilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, pale Naivasha, na hatimaye mabomba hayo nayo yakarudi, kwa sababu vumbi laini la fesh-fesh halichagui teknolojia.

Filta inayopitisha hewa kwa wepesi sana aghalabu hupitisha na vumbi kwa wepesi. Anayeishi au kusafiri kwenye vumbi abaki na filta ya karatasi ya kampuni inayoaminika, ya umbo la boksi, aibadilishe mapema kuliko kitabu kinavyosema. Asiipige chini wala kuipuliza kwa kompresa kutoka upande mchafu. Njia ya kujua ukweli ni nguo nyeupe: fungua bomba baada ya filta, pangusa ndani. Nguo ikitoka na rangi ya udongo, filta yako inavuja au mpira wake haukai vizuri kwenye ukingo wa boksi. Hilo halingoji wiki ijayo.

Maji nayo. Kuna mifumo inayoshusha filta hadi nyuma ya bampa ili kufuata hewa baridi, na kwa joto inafanya vizuri. Lakini bampa la mbele la Impreza liko chini, na Jangwani ya Dar es Salaam ikijaa, au barabara ya Nairobi ikigeuka mto wakati wa masika, filta hiyo inazama kabla ya milango. Maji hayabanwi. Silinda ikiyameza, kinachokubali kupinda ni mkono wa pistoni. Mwenye gari moja tu la kila siku aachane na mfumo wa bampa.

Sasa sauti, ambayo najua ndiyo iliyokuleta. Ule mngurumo wa Subaru unaotambulika kutoka mtaa wa pili hautoki kwenye hewa inayoingia. Unatoka kwenye ekzosi: mabomba yanayotoka kwenye vichwa vya injini yana urefu usiolingana, hivyo moshi wa silinda hufika kwa vipindi visivyo sawa. Impreza STi za Japani za miaka ya baadaye, zenye mabomba ya urefu unaolingana na turbo ya midomo miwili, hazina mngurumo huo, na filta yoyote utakayofunga haitauleta. Kama unautafuta, bajeti yako ipeleke nyuma ya gari.

Sauti ya upande wa hewa kwenye gari la turbo ni mluzi na mvumo. Kiwanda huinyamazisha kwa kifaa cha plastiki, rezoneta, kilichofichwa ndani ya madigadi ya mbele kulia, kimeunganishwa na boksi la filta. Kazi yake kubwa ni kufuta mawimbi ya sauti. Ng'oa boksi la filta, inua gari uliweke juu ya stendi imara, toa tairi na ile plastiki ya ndani ya madigadi, fungua bolti zake na ukitoe. Rudisha boksi na filta yake kama zilivyokuwa, na plastiki ya madigadi irudi yote bila tundu, ili tope la tairi lisirushwe mdomoni mwa boksi. Boksi sasa linavuta hewa ya baridi kutoka ndani ya madigadi, sensa iko kwenye bomba lake lilelile, filta haijaguswa, na turbo unaisikia. Gharama ni mchana mmoja wa fundi, na ukichoka na sauti unarudisha. Mtu akiniuliza aanze na nini, humwambia aanze na hili, na wengi hawaendi mbele zaidi.

Kwa gari lisilo na turbo mambo ni matamu zaidi, kwa sababu hakuna turbo ya kumeza sauti njiani. Mawimbi ya kila valvu inayofunguka hurudi nyuma hadi mdomoni. BMW M3 CSL ya 2003 inasifiwa hadi leo kwa boksi lake la hewa la nyuzi za kaboni na ngurumo yake. Wanaoiga boksi hilo husahau kwamba BMW waliondoa kipimo cha hewa cha waya, wakatumia sensa ya shinikizo na kuandika programu upya, wakabadilisha pia kamshafti na mabomba ya ekzosi, na kwa kazi yote hiyo injini ilipanda kutoka farasi 343 hadi 360. Farasi 17, kwa wahandisi wenye maabara yao. Toyota kwenye gari lao liitwalo 86 walichagua njia nyingine: walichepusha sauti ya hewa kwa kijibomba kinachofika kwenye ukuta wa kibini, dereva akaisikia bila injini kubadilishwa chochote. Huo ni uungwana wa kihandisi ninaoupenda, maana walijua kwamba walichokuwa wakiongeza ni sauti.

Ukitaka nguvu yenyewe kwenye WRX, fedha zina mpangilio wake. Kwanza mipira yote ya hewa isiyovuja, plagi mpya, filta mpya, sensa safi. Kisha ekzosi inayopumua kuanzia kwenye turbo, pamoja na programu iliyoandikwa kwa petroli unayojaza wewe na mwinuko unaoishi, ikapimwa kwa sensa pana ya mchanganyiko. Hapo ndipo injini itaanza kudai hewa kiasi cha boksi la kiwandani kuwa kizuizi, na ule mpira wa maji utakuonyesha. Mfumo mpya wa hewa wenye kuta zilizofungwa sasa una kazi ya kufanya, nao ufungwe kabla ya programu kuandikwa, si baada. Ijulishe kampuni yako ya bima kwa maandishi. Kwa walioko Kenya, zingatia kanuni za kelele za mazingira, na majirani wana haki ya kulala.

Boksi la zamani usiliuze. Likaushe, lifunge kwenye nailoni pamoja na bolti zake na klipu zake, kwani kila atakayelinunua gari hilo kwako ataliulizia, na bei yake kwenye duka la spea zilizotumika itakushangaza.

Ukishafunga chochote kati ya haya, nenda kilomita 500 za kawaida kisha urudi chini ya boneti. Kaza klipu zote, kwa kuwa mipira mipya hulegea ikishapata moto. Pitisha nguo nyeupe ndani ya bomba. Soma ile asilimia ya petroli na joto la foleni, uyaweke kando ya uliyoyaandika mwanzo. Kama nguo ni safi na namba zimetulia, endesha. Kama asilimia imepanda, tafuta kwanza kwenye maungio mawili yaliyo kati ya sensa na turbo, upande wa chini, mahali ambapo mkono hufika kwa shida.